Schistosomiasis: tulikate hili neno silabi kwa silabi, wana Kanda ya Ziwa karibuni

Mwalimu wa Pasiansi (mleta uzi)

Wakuu, heshima kwenu.

Uzi huu ni wa neno moja tu, ila linatuhusu sana sisi wa kando ya ziwa: schistosomiasis. Kichocho. Tunaougua ni sisi, dawa tunameza sisi, utafiti unafanyika hapa hapa Mwanza, lakini ikifika zamu ya kulitaja jina lake la kitaalamu kila mtu anakohoa kwanza. Juzi kwenye semina fulani hapa mjini kila mtoa mada alikuja na matamshi yake. Mmoja alilianza vizuri, akafika katikati, akalitupa: "huu ugonjwa wetu." Ukumbi ukacheka. Wanafunzi wangu wa kidato cha tatu nao wakilikuta kwenye kitabu cha Baiolojia wanaliruka kwa macho, wanaendelea na sentensi kama vile halipo.

Twende kazi. Neno lina silabi sita: schis-to-so-mi-a-sis. Mkazo, au shadda kwa waliosoma zamani, uko kwenye silabi ya nne, na hiyo mi inatamkwa mai. Kwa herufi zetu ni shis-to-so-MAI-a-sis. Gonga meza kwa kidole: ta-ta-ta-TA-ta-ta. Pale mwanzo kwenye shis kuna kamkazo kadogo, ila usikahangaikie. Ukiipata MAI, daktari wa nchi yoyote atakuelewa.

Sasa mbona wengi wetu tunasema shistosomi-A-sis? Hatukukosa shule. Tunatii sheria ya lugha yetu hata pale isipohusika. Kiswahili mkazo wake uko silabi ya pili kutoka mwisho, ukiacha maneno machache sana: nyamaGAna, ileMEla, ukeREwe, sengeREma. Hata maneno ya wageni tukishayapokea tunayahamisha. Mwingereza anasema HOspital, sisi tukasema hospiTAli. Yeye BLANket, sisi blanKEti. Basi likija neno jipya la silabi sita, ulimi unahesabu wenyewe kutoka mwisho, moja, mbili, unakita. Schistosomiasis inataka uhesabu tatu. Ugomvi wote umetokana na hiyo silabi moja.

Kuna jambo la pili ambalo watu hawalisemi. Kwa Kiswahili kila irabu ina haki yake, iwe na mkazo isiwe nao. Kwa Kiingereza irabu isiyo na mkazo inamezwa. Ile to na ile so kwenye neno letu hazitamkwi o ya mdomo wa duara kama ya "ndoto". Zinakuwa kisauti kifupi kisichoeleweka, kinachokaribia a iliyokatishwa. Ndiyo maana ukimsikiliza Mwingereza akilitaja haraka unadhani kala nusu ya neno. Hajala, amebana pumzi ili aitoe yote kwenye MAI.

Hizo ni silabi. Ukilikata kwa maana unapata vipande vitatu, vyote vya Kigiriki. Schisto ni kitu kilichopasuka au kugawanyika. Soma ni mwili. Iasis ni mkia unaotia maana ya ugonjwa au hali ya kuugua. Yaani ugonjwa wa yule mdudu mwenye mwili uliopasuka.

Angalieni jinsi visu viwili visivyopita mahali pamoja. Kwa silabi unapata so-mi, m inakwenda na i. Kwa mofimu, yaani vipande vya maana, unapata som-iasis, m inabaki na mwili wake. Mtu asione ni maajabu ya Kiingereza. Chukua wanaosomeshwa. Kwa sikio ni wa-na-o-so-me-shwa, silabi sita. Kwa sarufi ni wa-na-o-som-esh-w-a, mofimu saba. Tumefanya zoezi hili tangu sekondari kwenye uambishaji na mnyumbuliko, hatukujua tu kwamba kisu hicho hicho kinakata na maneno ya hospitali.

Karibuni, mwenye swali aulize.

Siti ya Mbele

Nimeweka kambi. Mwalimu usipotee na uzi.

Dagaa Mkavu

Mimi niko hapa mwaloni Kirumba, Kiingereza nilikiacha njiani, ila nimekupata. Sangara ukimkata vipande vya kukaanga unapita na mfupa humo humo, ukitoa minofu unafuata mfupa ulivyolala. Samaki ni yule yule, inategemea umepanga kumfanyia nini.

Mwalimu wa Pasiansi

@Dagaa Mkavu kesho naingia nao darasani na huo mfano wako, na sitalipa hati miliki.

Jiwe la Bismarck

Kwa hiyo mnataka kuniambia soma ni mwili? Miaka yote wazazi wanatuambia "mwanangu soma, soma", kumbe walikuwa wanataja ugonjwa 😂

Muuguzi Nansio

@Jiwe la Bismarck hata kromosomu unayoijua ni hiyo hiyo soma. Chroma ni rangi, soma ni mwili, kwa sababu walipozitia rangi kwenye maabara ndipo zikaonekana. Kicheko kizuri ila chukua na hiyo.

Mwalimu, naomba nichangie kutoka upande wa wodini. Huku visiwani mgonjwa haambiwi schistosomiasis hata siku moja. Anaambiwa "mama, mtoto ana kichocho", anaelewa, tunaendelea na dawa. Lile neno refu ni la kwenye fomu na ripoti. Tatizo linakuja pale mwanafunzi wa uuguzi anaposimama kwenye raundi mbele ya daktari bingwa na wenzake ishirini. Namwona kabisa anavyolikaribia lile neno, anapunguza sauti, anameza mate, mwisho anataja bilharzia ili yaishe. Daktari anadhani hajui ugonjwa. Anaujua vizuri, anaogopa jina.

Mwalimu wa Pasiansi

Dada hapo umegusa penyewe. Na kwa wanaokimbilia bilharzia, nayo ina mtego ule ule. Ni silabi nne, bil-har-zi-a, mkazo kwenye HAR, tatu kutoka mwisho. Sisi tunasema bilhaZIa. Jina limetoka kwa Theodor Bilharz, daktari Mjerumani aliyewagundua hao minyoo mwaka 1851 akiwa Cairo. Kwa hiyo humo ndani hakuna Kigiriki cha kukata, ni jina la mtu limefungwa mkia.

Mpima Maabara

Nikazie hapo kwenye "mwili uliopasuka", maana nimewahi kusikia watu wakifundisha kwamba eti ni mwili wa mgonjwa unaopasuka. Hapana. Ni mwili wa mnyoo dume. Ukimtazama kwenye hadubini ni bapa, amejikunja kingo zake mbili zikakaribiana, katikati kumebaki mfereji mrefu. Jike, ambaye ni mwembamba kama uzi, analala ndani ya huo mfereji. Wanaishi hivyo kwenye mishipa ya damu miaka na miaka, jike akitaga. Aliyelitunga jina aliuona ule mfereji akaona mwili umepasuliwa kwa urefu. Ukishamwona mara moja huwezi kusahau schisto ni nini.

Na jina la pili la mnyoo nalo linakatika. Haematobium: haima ni damu, bios ni uhai, yaani aishiye kwenye damu. Huyo ndiye wa kichocho cha mkojo, anapatikana zaidi huko bara kwenye madimbwi na malambo, Shinyanga na kwingineko. Huku ufukweni kwetu mwenyeji ni mansoni, wa kichocho cha tumbo. Mansoni hakatiki, ni heshima kwa Patrick Manson, daktari wa Uingereza.

Mwalimu wa Pasiansi

@Mpima Maabara umeshiba, asante. Umenifungulia na mlango mwingine. Jina la mnyoo ni Schistosoma, shis-to-SO-ma. Hapo mkazo uko pili kutoka mwisho, Mswahili anapatia bila kufundishwa. Ongeza iasis, mkazo unaruka kwenda MAI.

Wengine wanaona hapa Kiingereza kimewatapeli. Lakini sisi tunasema NYUmba, tukiweka ni tunasema nyuMBAni. SOma, soMEa, someSHEa. Mkazo wetu unatembea kila tukiongeza kiambishi, hatuuoni kwa sababu tumezaliwa nao. Tofauti ni moja. Kwetu anayeamua ni nafasi: popote neno litakapoishia, rudi silabi mbili. Kwenye haya maneno marefu ya Kiingereza anayeamua ni mkia gani umefungwa.

Mikia ninayowafundisha wanangu ni hii. Ukiona iasis, kita kwenye ile i ya mwanzo na uitamke ai: elephantiasis, leishmaniasis, amoebiasis, zote zinaishia na AI-a-sis. Ukiona itis, ni AI-tis: hepatitis, meningitis, mkazo pili kutoka mwisho, yaani tumo nyumbani. Osis vilevile, kita kwenye o: tuberculosis, tu-ber-cu-LO-sis. Ukiona logy, rudi tatu: bi-O-lo-gy, pa-ra-si-TO-lo-gy. Ukiona tion, kita silabi iliyo kabla yake.

Hiyo ya mwisho ina neno la ziwa letu pia. Eutrophication, silabi tano, eu-tro-phi-CA-tion, na hiyo ca ni kei. Eu ni njema, trophe ni lishe. Maji yakilishwa mno na mbolea na majitaka, mwani unashamiri na magugu maji yananenepa. Jina lina lishe njema ndani yake na matokeo yake ni samaki kukosa hewa. Mgiriki alikuwa na mzaha.

Afisa Mifugo Magu

Mwalimu, kwenye mifugo usije ukashangaa ukakuta tunaandika trypanosomosis badala ya trypanosomiasis. Si kosa la uchapaji. Wataalamu wa vimelea vya wanyama walipendekeza mwaka 1988 magonjwa yote ya vimelea yatumie mkia mmoja, osis, ili kuondoa vurugu. Madaktari wa binadamu wengi wakabaki na iasis yao. Kwa hiyo malale ya mtu na nagana ya ng'ombe, kimelea ni wa ukoo mmoja, mikia miwili.

Mwalimu wa Pasiansi

Hii ni dhahabu. Na tazameni kinachotokea kwenye sikio. Try-pa-no-so-MI-a-sis ni silabi saba, mkazo tatu kutoka mwisho. Try-pa-no-so-MO-sis ni silabi sita, mkazo pili kutoka mwisho. Mkia umebadilika, na ukihesabu kutoka mwisho mkazo nao umehama. Trypanon yenyewe ni keekee ya kutobolea, kwa jinsi yule kimelea anavyojisokota akienda. Mimi binafsi ningepewa kura ningewapigia watu wa mifugo. Osis inakaa vizuri kwenye ulimi wetu.

Mkosoaji Buhongwa

Samahani, nikose adabu kidogo. Haya yote ya nini? Tunajikunja kutamka kama Mwingereza ili iweje? Mnigeria ana Kiingereza chake, Mhindi ana chake, na wanatibu watu. Sisi wa Kanda ya Ziwa tumeshataniwa vya kutosha na r zetu na l zetu, sasa mnatuongezea na mkazo wa Kigiriki. Halafu hao Waingereza wenyewe hawajakubaliana. Nimesikia wa sh na nimesikia wa sk, skistosomiasis.

Binti Kerewe

@Mkosoaji Buhongwa kuna hoja hapo ila umeichanganya. Lafudhi ni jambo moja, mkazo ni jingine.

Mwalimu wa Pasiansi

Kaka, hujakosa adabu, swali lako ni zuri. Kwenye sh na sk uko sahihi, vyote viwili vinasikika na vyote vinakubalika, kama ambavyo schizophrenia ya shina lile lile la kupasuka inaanzwa na sk. Mimi mwenyewe natumia sh. Lakini wa sh na wa sk, Mhindi na Mnigeria, wakifika kwenye mkia wote wanatua MAI.

Sababu ya kujali ni ya kazi tu. Msikilizaji wa Kiingereza anategemea sana mkazo kulitambua neno. Ukikosea r na l anakupata, anarekebisha kichwani. Ukihamisha mkazo analipoteza neno zima. Sisi wenyewe tuko hivyo hivyo pale mkazo unapobeba maana. Mtu akikwambia "kazi imekwenda baraBAra" badala ya baRAbara, kwa nusu sekunde unawaza lami. R ya Kisukuma, ya Kijita, ya Kikurya, ibaki ilivyo. Sitamgusa mtu lafudhi yake.

Mwanachuo Bugando

Mwalimu shikamoo. Niko mwaka wa pili, wiki ijayo tuna mtihani wa mdomo. Nimejaribu kulisema kuanzia mwanzo, nafika so najikwaa. Nikienda polepole napata, nikienda kasi linavunjika. Nifanyeje?

Mwalimu wa Pasiansi

Marahaba. Acha kuanzia mwanzo. Anzia mkiani, urudi nyuma. Sema a-sis, mara kadhaa mpaka lichoshe. Kisha MAI-a-sis. Hapo simama, usiongeze kitu mpaka hilo liwe linatoka kama salamu. Halafu so-MAI-a-sis, to-so-MAI-a-sis, mwisho kabisa ndiyo uweke shis. Faida yake ni kwamba kila ukiongeza kipande unakuwa unaelekea kwenye sehemu unayoijua. Ukianzia mwanzo unatoka kwenye unachokijua unaingia gizani, ndiyo maana unajikwaa pale so.

Na tazama mdomo wako kwenye kioo. Kwenye MAI taya lishuke kweli kweli, kisha lipande. Kwenye to na so midomo isijiviringe. Ukiona imeviringika, ujue bado unasema za Kiswahili.

Mwanachuo Bugando

Asante mwalimu. Nimejaribu hapa kwenye daladala kimya kimya, konda ananiangalia.

Jiwe la Bismarck

Sasa mwalimu nakuletea mtihani. Lile neno refu kuliko yote kwenye kamusi za Kiingereza, la mapafu, herufi 45. Likate hilo tukuone.

Mwalimu wa Pasiansi

Ulidhani nitakimbia. Pneumonoultramicroscopicsilicovolcanoconiosis. Silabi 19. Kwanza ujue lilitungwa makusudi mwaka 1935 na Everett Smith, rais wa chama cha wapenda mafumbo huko Marekani, ili liwe refu tu. Halikuzaliwa hospitali. Pneumono ni mapafu, ultra ni kupita kiasi, microscopic ni dogo lisiloonekana kwa macho, silico ni ile madini ya mchanga, volcano unaijua, coni ni vumbi kwa Kigiriki, osis ni mkia. Ugonjwa wa mapafu wa vumbi laini la volkano. Mkazo mkuu unauliza kwa nani? Kwa mkia. Osis, basi kita kwenye O: co-ni-O-sis. Herufi zote 45 zimetii kamkia ka herufi nne.

Ila ndani yake kuna neno la kweli, na lina watu wetu. Silicosis, si-li-CO-sis, ugonjwa wa mapafu wa vumbi la mwamba. Waulizeni waliochimba dhahabu Geita wakitoboa mwamba bila maji wala barakoa.

Mpima Maabara

Osis ina msaliti mmoja lakini. Metamorphosis. Wengi tunasema me-ta-mor-PHO-sis kwa kufuata kanuni yako, na kamusi nyingi zinaweka mkazo kwenye MOR.

Mwalimu wa Pasiansi

Kweli kabisa, na mikia mingine nayo ina wasaliti wake. Ic kwa kawaida inakita silabi ya kabla yake, sci-en-TI-fic, e-pi-DE-mic, halafu anatokea A-ra-bic na kukaa mwanzoni bila aibu. Hao ni wa kukaririwa, hakuna njia ya mkato. Uzuri ni kwamba iasis katika maneno ya magonjwa sijaona ikisaliti.

Mkosoaji Buhongwa

Nimelisema mara nne, mke wangu kauliza naongea na nani. Nakubali kishingo upande. Ila hospitali nitaendelea kusema kichocho.

Muuguzi Nansio

@Mkosoaji Buhongwa na ukija tutakupa dawa kwa jina hilo hilo, bora usiwe umeoga tena ziwani kabla hujafika.

Mvuvi Msomi

Mwalimu, sisi tulio chuo cha uvuvi Nyegezi usitusahau. Ichthyology inanisumbua. Hiyo chth inaanzwaje?

Mwalimu wa Pasiansi

Silabi tano, ich-thy-O-lo-gy, mkazo kwenye O, tatu kutoka mwisho kama logy zote. Ichthys ni samaki. Ile ch isikutishe, isome k: ik-thi-O-lo-ji. Th ni ile ya "thamani", ulimi katikati ya meno. Usiweke irabu kati ya k na th, ndipo wengi wanapotoa silabi sita: iki-thi. Funga k kooni, usiiachie, peleka ulimi kwenye meno moja kwa moja. Na kwa kuwa uko Nyegezi, jifunze na ndugu yake, limnology, lim-NO-lo-gy, elimu ya maziwa na maji baridi. Limne kwa Kigiriki ni ziwa au bwawa.

Mvuvi Msomi

Ik-thi. Ik-thi. Sawa, nimeipata. Ya pili nadhani hata mwalimu wetu anakita kwenye lim, Jumatatu nitamsikiliza vizuri.

Mwalimu wa Pasiansi

Msikilize, ila usimsahihishe mbele ya darasa.